Mara Arobaini na Moja

...na asipumue kwa nguvu, muuguzi amesema atulie tu, lakini atatulia vipi na kisomeo hiki cha baridi kimelazwa kifuani, juu ya kile kidude walichompachika chini ya ngozi miezi minne iliyopita, chembamba kama njiti mbili za kiberiti, kinausikiliza moyo mchana na usiku ili akianguka ijulikane kama ni kifafa kweli au ni moyo unaosimama, na Ijumaa ile iwemo humo, Mungu wangu, iwemo, maana alikuwa akimwogesha mtoto, anakumbuka povu, kisha dari, kisha mama mkwe kampakata mtoto anayetiririka maji, tangu hapo haachiwi mtoto peke yake hata kumbadilisha nepi... “Kitufe cha kurekodi, kile cha rimoti tuliyowapa, kimebonyezwa mara arobaini na moja,” muuguzi anasema, macho kwenye skrini, “umeanguka mara zote hizo, dada?” Mara mbili, anajibu, mbili tu, na kule kwenye kiti mama mkwe anakohoa, anamhamishia mtoto goti la pili. “Ni mimi,” anasema. “Mlisema nimwekee rimoti kifuani nibonyeze nikiona hali si hali. Sasa akinyamaza sana mimi nitajuaje? Juzi kacheka mpaka pumzi ikamkata, nikajifanya namfuta makombo, nikabonyeza.” Muuguzi anacheka, “Bibi, umeturekodia mpaka vichekesho,” kisha hacheki tena, “ila kumbukumbu ya kidude hiki ni ndogo, mapya yanafuta ya zamani, ngoja niitafute hiyo Ijumaa”... yanafuta, kasema yanafuta, basi imefutwa, basi itabidi aanguke tena ndipo wajue, na ataangukia wapi, jikoni, kwenye ngazi, juu ya mtoto, na yote kwa sababu ya mwanamke huyu na macho yake, macho yaliyomfuata kila chumba kama ya askari wa gereza, kumbe alikuwa anaharibu, anabonyeza, na yeye akidhani anatafutiwa sababu ya kunyang’anywa mtoto... lakini makombo, makombo gani, siku ile hawakula chochote, na zile alasiri akijilaza na mtoto, shuka likivutwa taratibu mpaka begani, mkono ukitua kifuani kidogo halafu ukiondoka, naye akifumba macho kwa hasira, anakuja kunichunguza huyu, akifumbua anamkuta miguuni pake anakunja nepi ileile aliyokwisha kuikunja... mara thelathini na tisa, ukitoa zile mbili, mara thelathini na tisa hakikutokea kitu na bado mtu alikaa pale roho mkononi, hakumwita mwanawe, hakumwamsha mgonjwa, akaogopa peke yake, akafunika, akaondoka kwa ncha za vidole, na nani mwingine duniani amewahi kuogopa mara zote hizo kwa ajili yake... “Nimekuharibia, mwanangu,” sauti inasema kutoka kitini, ndogo kuliko ya siku zote, na muuguzi anasema bado, bado natafuta, tarehe zinapita kwenye skrini, zinapita, na kisomeo bado ni baridi, wala hajui kama Ijumaa imo au haimo. “Mama,” anasema bila kugeuza kichwa, “tukifika nyumbani tumwogeshe mtoto sote wawili. Wewe shika kichwa, mimi nitashika miguu.” “Usiongee, dada,” anasema muuguzi, na mama mkwe anaitikia polepole, haya.