Fungua Mdomo Tu

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ukumbi wa chuo, na aliyelibandika ni Mama Deki mwenyewe, mfanyausafi, maana ndiye aliyetumwa. Kwaya ya chuo iko wazi kwa kila apendaye kuimba, lilisema, hakuna majaribio. Halikusema isipokuwa anayepiga deki. Basi Alhamisi ile alivua aproni, akanawa mikono, akaingia.

Na mtu asije akasema alijipendekeza. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiusafisha ukumbi ule huku akiimba, na sauti yake ilifika mpaka maktaba. Wanafunzi wa sauti ya pili walimpokea kwa mikono miwili, wakamweka katikati yao. Wiki mbili hazijaisha, wakaacha hata kutazama karatasi za noti. Walimsubiri yeye aanze, kisha wakamdandia. Wasomi wazima, kumbe wanaigilizia kwa jirani kama watoto wa darasa la pili!

Mwalimu wa kwaya, waliyemwita Fimbo kwa kile kijiti chake cha kuongozea, hilo hakuliona. Alichoona ni orodha ya wageni. Siku nne kabla ya onyesho alimwita Mama Deki pembeni, akaanza kwa kumsifu, na sifa za namna ile ujue zina mkia. Mkia ukatoka: sauti yake nzito mno, ya mtaani, haijaenda shule, na mkuu wa chuo atakuwepo. Kumtoa hamtoi, la hasha, kwaya ni ya wote.

"Siku hiyo wewe fungua mdomo tu, mama," akasema. "Usitoe sauti. Hakuna atakayejua."

Kisha, bila haya, akamwomba apange viti, maadamu yupo. Mama Deki alivipanga vyote mia mbili, na kila kimoja alikibwaga. 

Lingekuwa lake peke yake, angewarudishia joho lao la kwaya siku ile ile. Lakini kulikuwa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyemcheka mbele ya ukoo mzima. Kwaya ya wasomi, alisema, wewe si unaenda kuwashikia maji ya kunywa? Mama Deki akamjibu aje Jumamosi amsikie kwa masikio yake. Sasa akijitoa, wifi atapata la kusimulia mpaka kiama. Akiimba kwa nguvu, ataambiwa mkaidi, na kibarua kinaota nyasi. Akaamua kutii. Atatii mpaka Fimbo ajute kuagiza.

Jumamosi wifi alikaa safu ya pili, mikono kifuani. Sauti ya kwanza ilianza vizuri. Fimbo akaigeukia sauti ya pili, akanyoosha kijiti. Mama Deki akafungua mdomo wote, magego nje, akatoa hewa tupu. Wanafunzi kumi na wanane walivuta pumzi, wakamsubiri. Wakaendelea kusubiri. Mmoja akatoa kisauti, akakimeza. Sauti ya tatu wakaingia mapema kuziba pengo, na wimbo ukavurugika wote.

Fimbo akasimamisha, akaanza upya. Yakawa yale yale. Jasho likamtoka, akamkodolea Mama Deki macho, midomo yake ikimwambia imba. Mama Deki akazidi kupanua mdomo. Binti wa kushoto kwake akamnong'oneza, mama, mbona huanzi?

Ndipo Mama Deki alipouliza, kwa sauti ile ile inayofika maktaba:

"Mwalimu, leo nitoe sauti, au bado nifungue mdomo tu kama ulivyoniagiza?"

Mkuu wa chuo aligeuza shingo. Fimbo akatazama viatu vyake, akasema kitu chini kwa chini.

"Sema kwa nguvu, mwalimu. Walio nyuma hawajasikia."

"Toa sauti, mama," akasema Fimbo. "Tafadhali."

Akaimba. Tena si kwa furaha, mtu asidanganyike. Aliimba huku amekasirika kuanzia kisigino mpaka utosini, na wale kumi na wanane wakamdandia wote. Wifi akakunjua mikono, na kufikia ubeti wa tatu alikuwa akimwambia jirani yake kwamba yule ni mke wa kaka yake.

Onyesho lilipokwisha, Mama Deki alilikunja joho, akaliweka juu ya piano, akamshika wifi yake mkono wakatoka. Viti mia mbili alimwachia Fimbo.