Bubu wa Alhamisi

Muuza duka alipomwona Chiriku anaingia, alizima redio. Hakuizima kwa adabu, aliizima ili aone vizuri, maana yeye ni mtu ambaye macho na masikio yake hayafanyi kazi pamoja. Akaegemea kaunta, akainua nyusi, akaanza kumuuliza kwa vidole: sukari? Chumvi? Kiberiti?

"Sukari nusu kilo," Chiriku alisema, "na kiberiti kimoja. Na hiyo redio washa, wimbo ulikuwa mzuri."

Wateja waliokuwa dukani walicheka mpaka mmoja akashika mbavu.

"Aa, dada, usituharibie bwana!" muuza duka alilalamika. "Fanya ile ya kwenye televisheni. Ile ya kuomba."

Akaifanya. Angefanyaje? Nyuma yake foleni ilikuwa inaongezeka, na nyumbani mama yake alikuwa ameshabandika chai. Aliweka kiganja kifuani, akalaza shingo upande, akamtazama muuza duka kwa yale macho yanayowatoa watu machozi kila Alhamisi. Duka zima likapiga makofi. Alipewa sukari yake, na peremende ya bure juu yake, akatoka hasira zikiwa zimemkaa kooni. Koo lenyewe siku hizo lilikuwa ghala la kila kitu alichonyimwa kusema.

Jina la Chiriku alipewa na mama yake, kwa sababu utotoni alikuwa hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni. Mama huyo alidai pia kwamba binti yake aliimba kabla hajajua kutembea, na hapo mnaweza kumpunguzia chumvi kidogo, mama ni mama. Lakini sauti alikuwa nayo kweli. Ilikuwa sauti nzito ya chini inayopanda bila kukwaruza, na akiimba akifua uani, majirani walikuwa wakijisahaulisha kwamba wana shughuli zao.

Na miaka ile ilikuwa miaka ya muziki. Vijana walitembea na nywele za kalikiti zinazochuruzika mafuta kwenye kola, mabega ya magauni yalijazwa sponji mpaka wasichana wakapita milangoni kwa ubavu, na kila mwenye redio kaseti alikaa kidole juu ya kitufe akimwombea mtangazaji mabaya asije akaongea katikati ya wimbo anaourekodi. Televisheni ilikuwa na kituo kimoja tu, kikifunguliwa jioni. Msichana mwenye sauti alikuwa na ndoto moja, kuimba Jumamosi na bendi ya kituo huku watu wote wakimtazama.

Basi Chiriku alikwenda kituoni kujaribiwa sauti, na pale kwenye korido akafungua mlango usio wake. Ndani alimkuta mwongozaji wa michezo ameshika kichwa. Asubuhi ile ile mwigizaji wake mmoja alikuwa amekimbizwa uzazini kabla ya siku zake, gauni la kuigizia lilikuwa linaning'inia halina mtu, na kurekodi kulikuwa kunaanza. Mwongozaji alimtazama Chiriku, akalitazama gauni.

"Litakutosha," alisema. "Ila maneno huwezi kuyajua sasa hivi." Akamgeukia mwandishi. "Mfanye bubu. Wiki mbili tu, mpaka mwenzake arudi."

Chiriku alikubali kwa sababu aliambiwa kwamba chumba cha bendi kiko mlango wa pili, na mtu akishaingia ndani ya kituo haoni shida kuhama chumba. Mwenzake hakurudi. Alipata mapacha, akaona wanamtosha. Nazo zile wiki mbili zikazaa miaka saba.

Mchezo wenyewe uliitwa Mlango wa Uani, habari za nyumba ya tajiri mmoja, mke wake, dereva wao, na huyo bubu, mdogo wake mke. Mwandishi aligundua haraka kwamba bubu ni mali. Kila mwenye siri alimwendea kumwagia moyo, kwa kuwa hana pa kuipeleka. Mke alimweleza ya dereva, dereva akamweleza ya tajiri, tajiri akamweleza ya fedha zilizofichwa. Watazamaji wakawa wanajua kila kitu na hawawezi kumwonya mtu, kama yeye tu. Walimpenda kwa hilo kuliko waigizaji wote waliokuwa wakisema mpaka povu linawatoka.

Tatizo ni kwamba walimpenda hivyo hivyo, wala si vingine. Akipanda basi wanamtania, "Kimya kingi kina mshindo mkubwa!" Akijibu, wanakunja nyuso kama waliouziwa kitu kibovu. Aliwahi kuimba kwenye harusi ya binamu yake, akaimba vizuri mno, na watu wakashangilia jinsi anavyojua kuchezesha midomo kufuata kanda. Mmoja alikwenda mpaka nyuma ya pazia kuitafuta redio. Hata mchumba alikuja, mwanamume mtulivu mwenye kazi yake, akapokelewa vizuri. Chiriku alipoanza kumsimulia habari za safari yake ya asubuhi, jamaa alitazama chini, akaaga hata chai haijapoa. Alikuwa amekuja kuoa mke asiyejibu.

Kuacha kazi aliwaza, sana tu. Lakini kodi ya nyumba na dawa za mama zilitoka mle mle, na nje ya ule mlango wa uani hakuna aliyemtaka kwa jambo lingine lolote. Kwa hiyo alikuwa akiimba bafuni, bomba likiwa wazi. Wakati mwingine aliogopa kwamba siku moja atafungua mdomo mle na lisitoke neno.

Alirudi kwa kiongozi wa bendi mara nyingi. Huyu alikuwa mpiga tarumbeta mnene, mwenye huruma ya maneno.

"Binti, sauti unayo, nani atakataa?" alimwambia mara ya mwisho. "Lakini nikupandishe Jumamosi unaimba, na Alhamisi ulikuwa bubu? Watu watasema kituo kizima ni waongo, mpaka taarifa ya habari. Sema kwanza kwenye mchezo. Ukishasema, Jumamosi yake maikrofoni ni yako. Nakuapia."

Chiriku akamganda mwongozaji kama kupe. Alimfuata kwenye korido, alimfuata mpaka kwenye gari. Mwongozaji naye alikuwa na mkubwa wake, mwenye kiwanda cha sabuni aliyekuwa akiugharimia mchezo, na huyo alikuwa na imani kwamba bubu anauza sabuni kuliko wasemaji wote. Ilichukua miezi kumlainisha. Mwishowe alikubali kwa sharti: bubu aseme mara moja, kwenye kesi ya dereva, anayeshitakiwa kuwafungulia wezi mlango wa tajiri. Watazamaji wakipenda, amepona. Wasipopenda, anarudi kwenye ububu wake na habari hiyo isifunguliwe tena.

"Nafasi ni hiyo moja," mwongozaji alimwambia. "Na unajua tunavyorekodi. Kanda ya ziada hatuna, kurudia hakuna. Ikitoka studio inakwenda hewani jioni ile ile."

"Nipe hiyo moja," Chiriku alisema. "Sihitaji ya pili."

Maneno yenyewe yalikuwa machache: "Si yeye. Ni mimi niliyefungua mlango." Aliyafanyia mazoezi bafuni, kwa sauti ya juu, ya chini, ya kilio, ya hasira. Mama yake hakumwambia. Alitaka ayasikie mwenyewe, siku yake, pamoja na majirani wote wanaojaa sebuleni kila Alhamisi kutazama.

Mchana wa kesi, mahakama ilikuwa ya mbao nyembamba zinazotikisika mtu akikohoa, na hakimu alikuwa yule bwana ambaye siku nyingine hutangaza bei za mazao. Dereva alisimama kizimbani akitetemeka. Kwenye kona, nyuma ya meza yenye vitufe, alikaa fundi sauti wanayemwita Masikio, mtu mpole kuliko wote mle ndani. Kwa miaka yote ile, kamera ilipomgeukia Chiriku, Masikio alikuwa akishusha kitufe cha maikrofoni iliyo juu yake, kwa sababu bangili zake zililia na pumzi zake zilivuma. "Ububu wako una kelele, dada," alikuwa akimtania.

Siku ile alimkonyeza tu. "Leo ni leo," alimwambia.

Hakimu akauliza kama kuna mtu wa kumtetea mshitakiwa. Chiriku akainuka, akapita katikati ya viti. Kamera ikamgeukia. Akashika ukingo wa kizimba, na ile miaka yote ikamjaa kinywani.

"Si yeye," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Ni mimi niliyefungua mlango."

Hakuna aliyekuwa akiigiza tena. Hakimu alitokwa na machozi ambayo hayakuandikwa popote. Dereva alipiga magoti. Masikio alikuwa amevua vile visikilizio vyake vya masikioni na kuviweka mezani, amsikie kwa masikio yake mwenyewe, na machozi yalikuwa yanamfika kidevuni. Mwongozaji alipotamka "Basi!", watu walimkumbatia Chiriku mmoja mmoja. Kanda ikachomolewa, ikapelekwa mbio chumba cha kurushia.

Alifika nyumbani mchezo unataka kuanza. Sebule ilikuwa imejaa. Mama mwenye nyumba alikuwa kwenye kochi, mshona viatu kwenye ndoo iliyopinduliwa, watoto chini, wengine dirishani kwa nje. Mama yake alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, kitambaa cha kufuma kimeshatolewa juu ya televisheni na kukunjwa mapajani. Chiriku alisimama ukutani. Kwa furaha hakuweza kukaa.

Kesi ikaanza. Hakimu akauliza swali lake. Akajiona anainuka, anapita katikati ya viti, anashika ukingo. Akajiona anafungua mdomo.

Hakikutoka kitu. Midomo ilicheza, koo likapanda na kushuka, na sebuleni kilichosikika kwa mbali ni kiti cha hakimu kikilia. Mshona viatu aliruka, akaipiga televisheni kofi la ubavuni. Papo hapo hakimu akasema, "Mungu wangu," na sauti yake ikatoka safi.

"Nzima," mshona viatu alisema, akarudi kwenye ndoo yake.

Chiriku alielewa pale pale. Mkono wa Masikio. Kamera ilimgeukia, na ule mkono mwema, uliozoea, ukashusha kitufe wenyewe bila kumuuliza mwenye mkono. Kisha mwenye mkono akavua vya masikioni ili asikie vizuri. Studio nzima ilikuwa imesikia kila neno, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akisikiliza kile kinachoingia kwenye kanda.

"Anajaribu kusema!" mama mwenye nyumba alipiga ukelele. "Jamani, anajaribu, hawezi! Tazameni koo linavyomcheza maskini!"

Na kila kitu kililingana na maneno yake. Hakimu alikuwa analia kwa sababu mtoto wa watu hawezi. Dereva alikuwa amepiga magoti kwa sababu aliyetaka kumwokoa hawezi. Nje dirishani mwanamume mzima alikuwa anafuta macho kwa kofia. Haijapata kutokea Alhamisi kama ile. Mwenye sabuni, popote alipokuwa, bila shaka alikuwa anasugua viganja.

"Asije akapona huyu," mshona viatu alisema, kama anayeomba dua. "Akipona, mchezo umekwisha. Tutatazama nini?"

"Amina," mtu akaitikia.

Chiriku akatoka ukutani, akasimama katikati ya sebule.

"Nilisema!" alipaza sauti. "Nilisema! Si yeye, ni mimi niliyefungua mlango! Wote walinisikia! Nilisema kwa mdomo wangu huu!"

Sauti ilijaa chumba mpaka glasi za kabatini zikalia. Ilikuwa sauti ile ile, haijaharibika hata kidogo. Angekuwa anaimba, siku hiyo angemaliza kazi.

"Shhh!" sebule nzima ikamjia juu.

"Wewe naye, kelele!"

"Hebu tusikie!"

Mama yake hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka, macho ameyakodoa kwa binti yake wa kwenye kioo. Alinyoosha mkono nyuma, akapapasa mpaka akapata upindo wa gauni la binti yake wa sebuleni, akamvuta.

"Kaa chini, mwanangu," alisema. "Unatuziba."

Akakaa.