Priscille Bado Hajazaa

Daktari alisema Larissa alale mpaka siku ya kuzaa, asisimame ila kwa kwenda choo. Larissa ni mukamwana wangu. Alikuwa amekwisha kupoteza mimba mbili, na hii ya tatu ilikuwa ya miezi minne. Bwana yake, Bisimwa, mutoto wangu, alirudi toka hospitali na uso wa mutu aliyesomewa hukumu. Mimi niliuliza neno moja tu: "Atalala wapi?"

Halikuwa ulizo la bure. Kwetu, mama hakanyagi chumba cha kulala cha mutoto wake aliyeoa. Na muchana Bisimwa yuko kazini, mimi na Larissa tunabaki wawili katika nyumba hii ya mtaa wa Muhumba. Akilala kule chumbani, nani atamupa chai? Basi Bisimwa alitoa kitanda, akakiweka salon, chini ya dirisha, pale wageni wanapokaa.

Larissa alipata haya. "Maman, niko sawa nyanya ya soko. Kila mwenye kupita ananiangalia."

"Acha waangalie," nilimujibu. "Wenye kukuona ndio watakuombea."

Lakini yeye ni mutu wa ofisi, wa mikutano, wa kupanda pikipiki asubuhi kwenda vijijini kwa kazi ya ONG yao, shirika la misaada. Kulala kulimushinda. Juma la kwanza aliamka mara kwa mara akidhani sioni. Siku moja nilimukuta ameshika ufagio. Niliupokea mikononi mwake, nikaenda kusali rozari. Na katikati ya rozari nilijua: rozari inamuombea mutu, haimufungi miguu.

Kilichokuwa kinamulaza vizuri ni muchezo wa redio. Redio moja ya hapa mjini ilikuwa inatoa muchezo unaoitwa "Lori ya Zagabe", kila Jumamosi jioni. Zagabe ni dereva. Muke wake Priscille ana mimba. Chrispin, ndugu ya Zagabe, anataka kuuza shamba lao kwa siri. Larissa na mimi tulikuwa tunasikiliza pamoja, mimi nikichambua majani ya sombe, yeye mikono juu ya tumbo. Katika kipande cha mwisho lori ilizama ndani ya matope mbele ya Bunyakiri, kwenye barabara ya Hombo. Zagabe alikwenda kwa miguu kutafuta musaada, akakamatwa kwenye kizuizi cha askari, wakamupeleka gerezani. Priscille alibaki peke yake ndani ya kabini ya lori, na tumbo likaanza kumuuma.

Jumamosi iliyofuata walipiga muziki tu. Baadaye mutangazaji alisema muchezo umesimama, hawana tena njia ya kuuendeleza.

Larissa aliruka akakaa. "Wamemuacha mule! Maman, wamemuacha ndani ya lori!"

"Lala," nikamuambia. "Tutamutoa siye wenyewe."

"Siye? Muchezo ni ya watu. Nani ametupa ruhusa?"

"Mutoto aliyeachwa barabarani, mwenye kumuokota haombi ruhusa."

Ni mimi nilianza kupanga hadithi ya kuwatumia wamama wa kanisa kwa simu, kila Jumamosi. Priscille anapiga magoti, anasali. Wale wa gereza wanaguswa moyo, wanafungua mulango. Zagabe anafika mbio, mutoto anazaliwa, Chrispin anatubu, wote wanaenda Misa. Nilipomusomea Larissa, alicheka mpaka akashika tumbo kwa woga.

"Maman, umemaliza yote kwa jioni moja! Jumamosi ijayo tutawaambia watu nini?"

"Tutashukuru."

"Kushukuru ni kwa mwisho. Watu wanataka kwanza kuteseka kidogo."

Hapo akaomba zile karatasi kubwa wanazotundika katika mikutano yao, na kalamu za rangi. Bisimwa akazibandika kwenye ukuta karibu na kitanda, ili aandike akiwa amelala kwa ubavu. Akapiga mistari, ikatoka safu nne. Ya kwanza: Priscille anataka nini. Ya pili: atafanya nini ili akipate. Ya tatu: hatari. Ya ine: tutafanya nini kuhusu hiyo hatari. Alisema kule kazini hakuna projet, yaani mradi, inayozaliwa bila hiyo tableau, hata kama ni ya kugawa sabuni.

Alijaza upesi, mutu anaona huyu ni mwenye kazi yake. Lakini asubuhi, nikifagia, nilisoma safu ya tatu. Aliandika: mutoto anaweza kufa. Na pembeni, safu ya ine ilikuwa nyeupe.

"Na hapa?" nikauliza.

"Hapo sijui, Maman."

"Kazini, mukiacha hapo nyeupe, mufadhili anakubali?"

"Hapana. Anarudisha karatasi."

"Basi mimi pia nairudisha."

Aliniangalia kwa jicho baya. Nikaendelea kufagia. Nilipofika mulangoni nikasikia kalamu inalia kwenye karatasi. Aliandika: mukunga.

Ninamushukuru Mungu kwa ile tableau, na ninamushukuru aliyeitunga, hata simujui jina. Maana tangu siku ile kila tulichotia katika safu ya ine kilikuwa kipande kizima cha hadithi. Mukunga tulimuita Joviale. Vizuri, lakini Joviale yuko Bunyakiri, atafikaje kwenye lori? Kipande. Wakimutoa Priscille pale, atabebwa na nini? Tipoyi, kile kitanda cha miti ambacho wanaume wanabeba mabegani. Wanaume wa kubeba watatoka wapi? Kipande kingine. Larissa anapanga, mimi ninatia maneno ya watu wa kijiji, maana mimi nimekaa kule na najua namna wanavyokataa kitu na namna wanavyokikubali. Jumamosi jioni ninasoma, simu inashika sauti yangu, tunatuma kwa wamama wa jumuiya yetu ya kanisa. Na Larissa hakugusa ufagio tena. Alikuwa na kazi.

Wamama wale! Cibalonza, anayeuza samaki wadogo wa ndagala, hana kizuizi mudomoni. Alinijibu juu ya kipande cha kwanza: "Maman Agathe, uyu Joviale anatembea pole hivi, amebeba mawe? Apande pikipiki!" Larissa akamujibu kwa simu yangu: "Matope, maman. Pikipiki haipiti." Cibalonza: "Basi avue viatu, asituchelewesheye."

Constance, mwenye sauti ndogo, aliomba jambo moja tu: "Ule Chrispin, naomba aanguke mu matope. Hata kidogo." Tukamuangusha. Siku ile wamama walituma vigelegele, na Constance akaleta maziwa nyumbani, ya Larissa, akisema ni malipo ya yale matope.

Hata tonton Edouard alituingilia. Ni ndugu mukubwa wa marehemu bwana yangu, muzee wa heshima, alitoka Walungu kuja kumuona mugonjwa. Alikaa, akasalimia, akavaa miwani, akasoma ukuta wote polepole. Tuliona anatikisa kichwa.

"Bisimwa," alisema, "hii projet ya tipoyi ni nzuri sana. Itafika lini kwetu?"

Bisimwa akamugeukia. "Tonton, hiyo si projet. Ni hadithi."

"Hadithi gani yenye safu ya hatari? Munadhani sisi wa kijijini hatujui? Mulikuya mwaka jana na karatasi sawa hii hii, mukatuandika majina, mukapotea. Niandikeni mapema. Na ule Zagabe aliye gerezani, mumuwekee advokate, hapo sioni kitu."

Larissa alijifunika blanketi mpaka kichwani, kitanda kinatikisika. Mimi niliogopa kwa mimba, lakini nilimuacha acheke. Na tuseme kweli: advokate wa Zagabe alikosekana. Tulimuandika siku ile ile, akatupatia vipande vizuri.

Miezi ikaenda. Tumbo la Larissa likakua, daktari akasema tuendelee hivyo hivyo. Lakini mimi ninaangalia, na niliona kitu. Kila tulipokaribia musitari ambapo Priscille anazaa, Larissa alitia jambo jipya katikati. Daraja linavunjika. Wanaume wa tipoyi wanagombana juu ya nani atatangulia. Mbuzi ya mutu inakanyagwa, kesi inaenda kwa chifu. Jumamosi juu ya Jumamosi, Priscille anaumwa tu.

Cibalonza akaandika: "Iyi mimba ni ya tembo?"

Nilimusomea Larissa nikidhani atacheka. Aligeuza uso kwa ukuta.

"Maman, siwezi kuandika pale."

"Ju ya nini?"

"Nikiandika mutoto wake ni muzima, na wangu…" Baadaye akasema, "Na nikiandika amekufa, nitakuwa nimeita kifo mwenyewe, hapa ndani ya salon."

Ningaliweza kuandika mimi. Nilikuwa na maneno tayari. Lakini nilijua kwamba hicho kipande si changu, na mutu hamuzalii mwenziwe. Nilichukua simu, nikasema kwa wamama: "Priscille hajafika saa yake. Tunangoja pamoja naye. Mwenye kuweza amuombee."

Nilitazamia matusi. Hawakutukana. Walielewa bila kuambiwa, kwa sababu wote walikuwa wamekaa pale kwenye kitanda cha salon, wameona. Constance alituma sauti yake ndogo: alisema alizalia kule Sange, mvua inanyesha, bila mukunga, na yule mutoto leo ni fundi umeme. Mwingine akasema wa kwake hakuishi, na akasema jina lake, na akasema bado anashukuru kwamba alimuona uso. Jumamosi, saa ya muchezo, kila mumoja nyumbani kwake alisali fungu moja la rozari kwa ajili ya Priscille. Hakuna aliyetaja jina la Larissa. Larissa alisikiliza zote, machozi yanatelemuka hadi masikioni, na hakuamka kitandani.

Siku aliyozaa ilikuwa Alhamisi, asubuhi. Niliingia toka Misa, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Maman, maji yametoka." Jirani alitoa gari yake bila kuuliza. Bisimwa alitukuta hospitali, shati lake limelowa jasho. Tulikaa kwenye benchi. Sikuweza kusali maneno ya kitabu, nilisema tu: Bwana, unajua. Bwana, unajua. Halafu muganga mumoja wa hospitali alifungua mulango, akasema ni mutoto musichana, anapumua vizuri, na mama anaomba chakula.

Bisimwa aliweka kichwa begani mwangu kama alivyofanya akiwa mudogo. Nilimuacha, nami nikalia.

Hatukutangaza. Kwetu tunangoja kwanza mama na mutoto warudi nyumbani. Jumamosi waliturudisha. Jioni Larissa alikaa, safari hii kwa ruhusa, mugongo kwenye mito, akanyosha mukono.

"Maman, nipe simu. Leo ninasema mimi."

Nilimupokea mutoto. Larissa hakuangalia ukuta, hakuwa na karatasi. Alisema namna Joviale alivyopanda kabini, akafunga vioo kwa vitenge, akamushika Priscille mabega. Alisema maumivu kama yalivyo, mpaka mimi niliyezaa watano nikakaza meno. Halafu akasema: "Priscille alisukuma mara ya mwisho, na kabini ikanyamaza." Akanyamaza yeye pia, akitafuta neno la kufuata.

Na mikononi mwangu mutoto aliamka na njaa, akalia kwa nguvu zake zote.

Nilitaka kutoka naye nje. Larissa alinizuia kwa mukono. Alingoja, anacheka bila sauti, machozi yanatoka, simu bado inashika sauti, akaacha mutoto alie hadi mwisho. Ndipo akatuma.

Wa kwanza kujibu alikuwa Cibalonza. "Eh Maman Agathe, aksanti! Ule mulio wa mutoto muliutoa wapi? Unafanana wa kweli kabisa."