Uhamisho wa Watu Wawili

Barua ya uhamisho ilitoka miezi miwili baada ya mkaguzi wa mizani kumzika mkewe. Ombi walikuwa wameliandika pamoja mwaka juzi, kwa kuwa mke alitaka kuishi karibu na mdogo wake wa pekee.

"Tunaweza kuifuta," mkuu wake wa kazi alimwambia. "Sema tu."

Kusema kungetaka maelezo, na maelezo yangetaka nguvu. Mkaguzi akafungasha, akapanda basi.

Shemeji yake alimpokea kituoni. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya marehemu lakini si sura yake. Mkaguzi aliona ni rahisi kumtazama kuliko kumsikiliza.

"Pole na safari, shemeji."

"Nimeshapoa."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Rafu za jikoni zilipigiliwa chini chini, zikimfikia mkaguzi kiunoni. "Dada alisema asiwekewe za kupandia kiti," shemeji alieleza, kisha akageukia dirishani na kuanza kumpa habari za mji. Maji hutoka alfajiri mpaka saa mbili, usiyategee zaidi ya hapo. Nguo usianike mchana, vumbi litazivaa kabla yako. Watu wa huku wanauliza sana, na ukinyamaza wanajijibu wenyewe. Mkaguzi aliitikia kila neno. Baadaye hakukumbuka hata moja, akakosa maji siku mbili.

Kazini mikono ilijua njia. Alipanga mawe ya kupimia juu ya mizani sokoni, akasoma, akagonga muhuri. Muuza nyama aliyepunja gramu hamsini alifungiwa mizani yake, akalalamika mpaka akachoka. Mkaguzi alimsikiliza kama mtu anayesikia mvua kwenye bati la jirani.

Siku ya nne, jioni, jirani mshonaji alibisha hodi. Mkononi alikuwa na mapazia ya kijani yaliyokunjwa vizuri.

"Mwenyewe alinitumia vipimo kwa simu," alisema. "Tulibishana wiki nzima juu ya rangi, nikasalimu amri. Haya, atafika lini? Tumemngoja mpaka shingo zimerefuka."

Mkaguzi aliyapokea. Aliona mishono ilikuwa midogo na iliyonyooka.

"Hatafika," akasema. "Alifariki."

Mshonaji alikaa kizingitini bila kukaribishwa.

Kesho yake mkaguzi alimfuata shemeji jikoni shuleni, akamkuta akisugua sufuria kubwa kuliko yeye.

"Hukuwaambia."

"Sikuwaambia." Hakuinua kichwa. "Mtaa mzima nilikuwa nimewasimulia: dada anakuja, dada anakuja. Nilipotoka mazishini mtu akaniuliza, nikasema bado kidogo. Neno likishatoka hulirudishi, shemeji. Kila siku nikasema bado kidogo."

Hakumkasirikia. Alitafuta hasira, hakuiona ilipo. "Jumamosi twende wote," akasema.

Wakaenda asubuhi na mapema, maji yakiwa bado yanatoka, nyumba kwa nyumba, upande wa kushoto kwanza. Shemeji alibisha na kusalimia, mkaguzi akasema. Mlango wa kwanza maneno yalikwama. Kufikia wa sita yalitoka laini kama ya mtu anayetangaza saa za ofisi, na hilo lilimwogopesha kidogo, kwa mbali. Watu walishika vichwa, wakasema pole, wakawashika mikono.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa fundi viatu, mzee ambaye masikio yake yalishamkimbia.

"Mke wangu amefariki," mkaguzi alisema.

"Nani amesafiri?"

"Amefariki."

"Basi atarudi. Safari ni safari."

Mkaguzi akavuta pumzi. "Mke wangu amekufa!" Sauti ilivuka barabara. Waliokuwa wakichota maji bombani wakageuka, na ndoo moja ikafurika bila mtu kufunga bomba.

Shemeji alianza kucheka, mkono mdomoni, na kicheko kikageuka kilio bila kupumzika katikati. Mkaguzi alisimama kando yake. Koo lilimwuma kwa kupiga kelele. Zaidi ya hapo hakusikia kitu.

Fundi aliwasogezea benchi. Alimtazama mkaguzi kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona kisigino cha kiatu cha kulia kimelika upande mmoja.

"Lete hicho."

Mkaguzi akakivua. Wakakaa, yeye mguu mmoja wazi vumbini, shemeji akipangusa uso kwa kanga, fundi akipigilia. Misumari ilipokwisha, fundi alishona ukingo, akakata uzi kwa meno, akamrudishia kiatu.

"Jumapili utakula kwangu?" shemeji aliuliza wakiondoka.

"Nitakula."

"Saa saba, basi. Usichelewe."

Hakuchelewa. Alikula kidogo, akaongezewa, akala na hicho.