Faili la Watu Watatu

Barua iliwaita watatu, baba, mama na mtoto, wafike kliniki saa mbili asubuhi wakapimwe afya kwa ajili ya ukaazi wa kudumu. Baba alikuwa amekufa kwa kifua mwaka wa nne wa kuisubiri barua hiyo. Alikuja na sanda yake, akakaa kwenye benchi karibu na mkewe, mfua nguo wa hoteli.

"Umechelewa," mkewe alimwambia.

"Nimekuja kwa miguu, Mama Kidoti."

Kidoti, mwenye miaka tisa, alikuwa amevalishwa soksi ndefu zifunike miguu iliyovimba. Figo zake zilikuwa mbovu, na aliyeandikiwa "hafai" humo ndani hakubaki nchini.

Baba aliitwa kwanza. Fundi wa eksirei alimwambia avute pumzi, abane. Akabana. Fundi akaenda kunywa chai, akarudi, akamkuta bado.

"Mzee, achia basi."

"Ulisema nibane."

Mapafu yalikuwa safi. Nesi alitafuta damu mkono wa kulia, akahamia wa kushoto, kisha akaandika: hakuna maambukizi. Fomu haikuwa na sehemu ya mapigo ya moyo.

Mama naye alipita. Kidoti akavuliwa soksi. Daktari alibonyeza mguu kwa kidole gumba, likabaki shimo. Wote wanne walilitazama likijaa polepole. Mama alikuwa akiomba, midomo imefumbwa.

"Huyu atatibiwa maisha yake yote," daktari alisema.

"Shuleni hakosi, daktari. Hata akiumwa anakwenda."

"Sikuuliza hilo, mama. Mwangalie mzee wako. Huyu hatatumalizia hata kidonge kimoja."

Siku kumi baadaye vibali vya baba na mama vilifika, pamoja na barua ya kumtaka Kidoti aondoke ndani ya mwezi. Mama alikirudisha chake, maana mtoto hawezi kuondoka peke yake. Baba ilibidi abaki. Mwenye kibali asipokaa nchini faili hufungwa, na Kidoti asingeombewa tena.

Asubuhi ya safari aliwabebea sanduku hadi barabarani.

"Dawa zake?"

"Za siku sita," mama alisema. "Mwenye nyumba akija, mwonyeshe karatasi yako. Asikubabaishe."

Kidoti alimpungia mkono kwenye kioo cha nyuma cha teksi. Baba alivuta pumzi, akabana. Teksi ikakata kona, na hapakuwa na mtu wa kumwambia aachie.