Waliompenda Bila Kumgusa

Chuo cha ukunga kilitupa muda hadi Ijumaa. Wasipopatikana waombaji kumi na watano, darasa la mwaka huo lisingefunguliwa, na miji kumi na mmoja ya milima yetu ya Oaxaca, kusini mwa Meksiko, ingeendelea kutegemea wakunga tisa, ambao sita kati yao wana magoti mabovu kama yangu. Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wakunga hao. Nimezalisha na kufundisha ukunga kwa miaka thelathini na minne, nami nimechoka.

Kututangaza mitandaoni kulikuwa jukumu langu kwa mujibu wa katiba ya umoja. Nilisomeshwa katika shule ya bweni ambako barua yenye kosa moja ilichanwa mbele ya mwandishi wake. Kwa hiyo kila tangazo nililoliweka kwenye ukurasa wetu lilikuwa na utangulizi, hoja na hitimisho. Lililofanikiwa kuliko yote lilipata mioyo mitano, mitatu ikiwa ya dada zangu. Waombaji walikuwa sita.

Yareli, mkunga mdogo kuliko sote, aliniambia kwa upole kwamba ukurasa wangu unanuka dawa ya nondo, kama nguo za kale sandukuni.

"Mwalimu, watu hawataki hotuba. Wanataka kumwona mtoto."

Jumamosi akampata mtoto. Noemí, mke wa mwoka mikate, alijifungua binti katika kliniki yetu. Yareli alimrekodi kichanga huyo kwa sekunde arobaini akipiga miayo kifuani mwa mama yake, naye Noemí akatia sahihi fomu ya ridhaa niliyoiandika mwenyewe. Kufikia Jumanne video hiyo ilikuwa imepata mioyo elfu kumi na moja, na waombaji walikuwa wamefika kumi na watatu. Niliitazama mara nne. Sikatai kwamba ilinifurahisha.

Jumatano asubuhi Bibi Eufrosina, mama yake Noemí, aliingia ofisini mwangu bila kubisha hodi, akaweka juu ya meza glasi ya maji yenye yai lililovunjwa. Nyuma yake alikuja Noemí na mtoto aliyekuwa akilia tangu juzi. Kwetu yai hupitishwa juu ya mwili wa mtoto kisha huvunjwa majini, na utando ukipanda kama ulivyopanda ule, maana yake mtoto amepatwa na jicho baya la mtu aliyevutiwa naye.

Yareli alimpima mtoto huku mimi nikiandika. Homa hakuna, tumbo laini, ananyonya kidogo na kukataa. Nikaeleza habari ya gesi tumboni, hatua kwa hatua. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawalifanyi.

"Umemaliza? Sasa nisikilize na mimi, Mwalimu. Ukimpenda mtoto wa mtu, unamgusa. Hata mlevi wa pale sokoni anajua. Anasema huyu mzuri, anamgusa kipaji cha uso, yamekwisha. Watu elfu kumi na moja wamempenda mjukuu wangu. Nani kati yao kamgusa?"

Noemí alisema kwa sauti ndogo kwamba alitia sahihi akidhani ni kwa ajili ya watu wa hapa mjini, na akaomba video iondolewe. Niliisoma fomu yangu upya. Haikuwa na kosa hata moja, wala haikusema popote ni macho mangapi yangemwona mtoto.

Walipotoka nilimwamuru Yareli aifute. Alisimama na simu yake mkononi kama mtu aliyeambiwa amtupe paka wake.

"Wamebaki wawili tu, Mwalimu. Wawili, na siku mbili. Na wewe mwenyewe huliamini hilo yai."

"Siliamini."

"Sasa?"

"Mama ameghairi. Fomu inasema anaweza kughairi saa yoyote. Sentensi hiyo niliiandika mimi. Ingekuwa rahisi zaidi kama hakuna mtu ambaye angeitumia."

Aliifuta. Baada ya hapo hakusema nami neno ila kuhusu glavu.

Alhamisi aliongezeka mwombaji mmoja. Ijumaa, saa ya kufunga, walikuwa kumi na wanne. Katibu wa chuo alinipigia simu, akanyamaza kidogo, nadhani akinipa nafasi ya kubembeleza. Kwa miaka mingi nimewafungia mlango wanafunzi waliochelewa dakika tano. Sikuwa na uso wa kuomba. Nilimshukuru, kisha nikachukua orodha ya wajawazito hadi Desemba, nikaigawa kwa watu tisa.

Jumapili niliitwa nyumbani kwa mwoka mikate. Nilipumzika mara mbili kwenye mteremko. Mtoto alikuwa ametulia. Gesi za umri ule huja na kuondoka, lakini hilo sikulisema. Bibi Eufrosina alinipa mkate na kikombe cha chokoleti ya moto, akauliza habari za darasa. Nikamweleza. Akapangusa meza iliyokuwa safi.

"Na wewe uliitazama hiyo video?"

"Mara nne."

"Ukampenda?"

Sijawahi kuidanganya familia ya mgonjwa.

"Nilimpenda."

"Basi unangoja nini?"

Niliomba sabuni. Nilinawa hadi kwenye viwiko, kama ninavyofundisha, nikajikausha, nikaweka vidole viwili juu ya kipaji cha mtoto. Akafumbua jicho moja, akalifumba.

"Haya," alisema Bibi, akiniongezea chokoleti. "Wamebaki elfu kumi na mia tisa tisini na tisa."