Mtaro Uliokamilika

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, wanafunzi arobaini na wanne wa Darasa la Sita B walitoka getini wakiwa na machepe sita, ndoo kumi na moja, na bango lililoandikwa jina la mwalimu wao kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Mwalimu Ignasi Komba alikuwa amemwambia mchoraji herufi zilingane. Hakumwambia kwa msisitizo.

Walikuwa wanaenda kufukua mtaro wa nyuma ya shule, kwenye uchochoro wa Kariakoo unaopita kati ya ukuta wa madarasa na maduka ya vitambaa. Kila masika mtaro ule ulifurika, na maji, ambayo hayajui kubisha hodi, yaliingia Darasa la Kwanza. Watoto walirudishwa nyumbani mpaka pakauke. Mwaka uliopita palichukua wiki tano kukauka, na wapo waliopanda Darasa la Pili wakiijua alfabeti mpaka katikati.

Mwalimu Ignasi alifundisha Uraia na Maadili. Mradi huu aliuleta kutoka semina ya siku tatu Morogoro, alikorudi na begi, chupa ya maji, na maneno "kujifunza kwa kuhudumia jamii", ambayo kwa wiki mbili aliyatamka hata yasipohitajika, mara moja msibani. Wazo lenyewe lilikuwa zuri: mtoto asome hesabu, sayansi na uraia kwa kutatua shida ya mtaani kwake, kisha aandike alichojifunza. Mwalimu aliliamini kweli. Aliamini vilevile kwamba mshindi wa mashindano ya miradi ya wilaya angepewa cheti, na pengine kuhamishiwa ofisini, penye feni. Imani hizo mbili zilikaa ndani yake bila kugombana.

Siku ya pili, saa nne kasoro, chepe la Shamsa liligusa kitu laini. Shamsa alikuwa na miaka kumi na miwili, na alichagua kuchimba upande ule kwa sababu ulikuwa chini ya dirisha la mdogo wake, Amira, wa Darasa la Kwanza.

"Mwalimu, kuna mtu," alisema.

Lilikuwa bega. Wakaweka machepe chini, wakaendelea kwa mikono, mpaka mwanaume akaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu: shati la kazi la kaki, kalamu mfukoni, na karatasi zilizobanwa kwenye kibao kifuani. Mche wa nyanya ulikuwa umeota kwenye kola yake, na ulikuwa umeshazaa.

"Shikamoo," darasa zima likasema.

"Marahaba. Hamjambo?" Akapangusa tope machoni. "Mabomba yamekuja?"

Aliitwa Bwana Athanas, msimamizi wa ujenzi wa mitaro. Masika ya mwaka 2004 gari la ofisi lilimleta pale, akaambiwa asimame kwenye msingi na asiondoke mpaka mabomba ya zege yafike. Gari likaondoka. Ikaja mvua, ukaja udongo, zikaja taka za sokoni. Mabomba hayakuja.

Mama Jeet, mwenye duka la vitambaa lililopakana na mtaro, alitoka na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Ndiyo maana," alisema. "Miaka yote nasikia mtu anakohoa chini ya duka. Mume wangu anasema ni panya ana kifua." Akamwomba Bwana Athanas ruhusa ya kuchuma nyanya mbili, akapewa.

Mwalimu Ignasi alifungua fomu ya mradi. Palikuwa na sehemu ya changamoto, mistari miwili. Aliandika: "Mtu mmoja." Akafikiri kidogo, akaongeza: "Hai."

Walijaribu kumvuta, akakataa kwa upole. Hawezi kuacha kazi bila makabidhiano, alisema. Mtu wa ofisi aje, aone hali ya mtaro, asaini. Baada ya hapo atatoka mwenyewe, hana shida.

Habari zilifika Buguruni, na jioni ile akaja mke wa Bwana Athanas, Bi Klara, na shati safi na bakuli la wali na kisamvu. Ofisi ilikuwa imemwambia kwamba mumewe amehamishiwa Songea. Alikunja kanga, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akamtazama akila.

"Kumbe uko hapa," alisema. "Na mimi kila Jumamosi nanunua dagaa hapo juu, miaka yote hiyo."

"Nilikuwa nakusikia. Unajua kupunguziwa bei."

"Mbona hukuniita?"

"Nilikuwa kazini, Mama."

Bi Klara alikubali kwa kichwa. Alimfunga vifungo vya shati, akachukua la zamani kwenda kulifua.

Kesho yake Mwalimu Ignasi alikwenda kwenye ofisi ya mitaro akiwa na Shamsa, kwa kuwa mwongozo wa semina ulisema wanafunzi washiriki utafiti. Walipokelewa na dada mmoja mpole, Jovitha, aliyelifuta faili vumbi kabla ya kulifungua. Faili lilisema mtaro ulikamilika Juni 2004. Mabomba sabini yalipokelewa na kulazwa. Palikuwa na picha ya watu wakikata utepe.

"Hapa si kwetu," alisema Shamsa. "Huku kuna mnazi."

Jovitha aliikagua picha. "Inawezekana ulikatwa."

"Na Bwana Athanas?" aliuliza Mwalimu.

"Alistaafu 2016, akitokea Songea. Tulimuaga vizuri. Kulikuwa na keki."

"Aliila nani?" Shamsa akauliza.

"Sisi," alisema Jovitha, kwa kuwa hakuwa mwongo.

Aliwaeleza bila haraka. Ofisi haiwezi kujenga mtaro uliokwisha kujengwa. Kumbukumbu hurekebishwa na msimamizi wa kazi, akifika hapo kwa miguu yake na kitambulisho. Msimamizi yumo mtaroni, anasubiri mtu wa ofisi. Na mtu wa ofisi hawezi kupewa gari kwenda mahali ambapo kazi imekwisha. Alisikitika. Alikwenda kufunga mlango, akarudi, akapunguza sauti.

"Ila Mwalimu, ripoti yako ya mradi inapanda mpaka juu kabisa. Ukiandika humo kwamba mtaro huu haujawahi kujengwa, lazima mtu ajibu. Sentensi moja tu inatosha." Akafunga faili. "Sidhani kama mtashinda, lakini."

Njia nzima Shamsa aliirudia sentensi ile kimoyomoyo, midomo ikicheza. Mwalimu aliiona ile midomo, akajifanya anaangalia bei za viatu.

Jumapili mchana, nyumbani kwake Magomeni, Mwalimu alikaa mezani na ripoti. Aliandika: "Mtaro huu haujawahi kujengwa." Aliandika kwa penseli, sentensi isije ikajiona imefika. Ilikuwa fupi na haikuwa na kosa la kisarufi. Aliitazama kwa muda wa chai nzima. Halafu akajieleza. Akishinda kwanza, atahamia ofisini. Akiwa ofisini, atakuwa na nguvu ya kumsaidia Bwana Athanas kuliko sasa. Kwa hiyo, ukichunguza kwa makini, kuifuta sentensi ndiyo njia ya mkato ya kuitetea. Miaka kumi na tisa ya kufundisha Maadili haikupotea bure. Hakuna mtu Magomeni nzima ambaye angeweza kumshawishi vizuri kiasi kile. Akachukua kifutio. Kisha kwa kalamu ya wino akaandika: "Mtaro umesafishwa kwa ushirikiano mkubwa."

Wakaguzi watatu wa mashindano walifika Ijumaa. Bwana Athanas alikuwa amenyoa, Bi Klara alikuwa amempigia shati pasi.

"Na huyu?" aliuliza mkaguzi mkuu.

"Mtaalamu mshauri wa mradi," alisema Mwalimu Ignasi. Jibu lilimtoka lenyewe, kama jasho.

"Safi sana. Mmeishirikisha jamii." Wakapiga picha. Walimwomba Bwana Athanas asimame vizuri zaidi, naye akasema hapo amesimama vizuri kadiri awezavyo.

Wakati wakaguzi wanaondoka, Shamsa alimfuata Mwalimu getini.

"Uliandika, Mwalimu?"

"Niliandika mambo mengi."

"Ile sentensi?"

"Kengele imelia, Shamsa. Nenda darasani."

Kengele ililia dakika tatu baadaye.

Walishinda. Cheti kilikuja kwenye fremu, kikiwa na jina Ignas Kombo. Kuhusu ofisi yenye feni hakuna aliyesema neno, na yeye hakuuliza, maana kuuliza kungeonyesha kwamba alikuwa akisubiri. Alikitundika cheti chumba cha walimu, juu kidogo, mahali ambapo jina halisomeki bila kupanda kiti.

Aprili masika ikaanza. Maji yalimfika Bwana Athanas kifuani, yakakosa pa kwenda, yakaingia Darasa la Kwanza. Amira na wenzake walirudishwa nyumbani wakiwa wamebeba viatu mkononi. Mama Jeet alipandisha majora ya vitambaa rafu ya juu, kama kila mwaka. Darasa la Sita B lilijiwekea zamu ya kumpelekea Bwana Athanas chakula cha mchana siku ambazo Bi Klara hakuja, na zamu hiyo iliingizwa kwenye ratiba ya shule chini ya "Stadi za Kazi".

Wiki ya mwisho kabla ya likizo, Mwalimu alisahihisha insha za mradi: "Nimejifunza Nini?" Wengi walijifunza usafi. Kiranja, Bryson, alijifunza uzalendo, na alipata kumi na tisa kati ya ishirini. Shamsa aliandika mistari mitatu.

"Nimejifunza kwamba kitu kikiandikwa kimekwisha, hakianzi tena. Nimejifunza kwamba sentensi moja ina uzito kuliko machepe sita. Nimejifunza kwamba mtu mzima anaweza kujua jambo na akala chakula chake vizuri."

Mwalimu Ignasi aliusoma mwongozo wa kusahihishia. Ulitaka ushirikiano, usafi, uzalendo. Alisoma tena insha, akitafuta kosa, akapata moja: hakuacha nafasi pembeni ya ukurasa. Aliweka kumi na moja. Chini yake, kwa wino mwekundu, akaandika: "Mwandiko mzuri. Jitahidi kujibu swali."

Alimrudishia daftari kabla ya mapumziko. Shamsa aliiona alama, akafunga daftari, akachukua sahani yenye mfuniko, maana siku ile zamu ilikuwa yake. Mwalimu alisimama dirishani, kalamu ingali mkononi. Mvua ilikuwa imeanza tena. Kutoka pale mpaka mtaroni zilikuwa hatua ishirini tu, na mwavuli alikuwa nao.

Alimwona Shamsa akichutama ukingoni na kusema kitu, na Bwana Athanas akimsikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyelijua jambo hilo tangu zamani. Kisha akapokea sahani kwa mikono miwili, akaiinua juu ya maji, akala.